Kafi Ni Upondo: Mwongozo Kamili wa Mbio za Kayaki kwa Anayeanza

Pangani nilikokulia, mtoto huujua upondo kabla hajalijua kafi. Unasimama tezini, yaani nyuma ya mtumbwi, unaushusha mti mpaka uume mchanga, unausukuma, na mtumbwi unasonga. Mti haukufuati. Umebaki palepale ulipouchomeka. Wewe na chombo ndio mliopita. Ilinichukua misimu miwili ya kupinduka na kushika mkia kwenye ziwa la Bagsværd, pembezoni mwa Copenhagen, Denmark, kabla sijang'amua kwamba mbio za kayaki ni upondo uleule, ila chini hakuna mchanga. Kazi yako ni kuyafanya maji yashike kama mchanga, kisha ukipitishe chombo.

Nilianza ukubwani, nikiwa mwanafunzi ugenini, kwa hiyo mwongozo huu nauandikia mtu kama mimi wa siku zile: ana nguvu zake, pengine ameshapiga kafi kwenye mtumbwi wa babu, lakini hajawahi kukalia kayaki ya mbio. Kama una kocha, mfuate kocha. Kama huna, anza hapa.

Mchezo wenyewe

Watu huchanganya kafi na kasia hata magazetini. Kasia hufungwa kwenye kishwara ubavuni mwa chombo, na mpiga kasia hukaa ameupa mgongo mwelekeo anaokwenda. Kafi liko mikononi tu, halikufungwa popote, na mpiga kafi hutazama mbele. Kayaki ni ya kafi. Unakaa kitako, miguu mbele, na kafi lako lina bapa, ile sehemu pana inayoingia majini, kila ncha. Kanu ni ndugu yake: mwenye kanu hupiga goti moja na kushika kafi la bapa moja.

Mbio tunazozizungumzia hapa ni za maji tulivu na njia iliyonyooka. Kila boti ina njia yake yenye upana wa mita 9 iliyopangwa kwa maboya, na kwa kawaida njia ni tisa. Umbali wa kawaida ni mita 200, 500 na 1,000, halafu kuna mita 5,000 ambayo ina kona na vurugu zake. Boti hutajwa kwa herufi na namba: K1 ni ya mtu mmoja, K2 wawili, K4 wanne. K1 hairuhusiwi kuzidi urefu wa mita 5.20 wala kupungua uzito wa kilo 12. K2 mwisho wake ni mita 6.50 na kilo 18; K4 ni mita 11 na kilo 30.

Mchezo uliingia Olimpiki mwaka 1936 Berlin, na wanawake wakaingizwa 1948 London. Huko Paris 2024 K1 ya wanaume ilikuwa mita 1,000 na ya wanawake mita 500, na boti za wawili na wanne zote zilikwenda mita 500. Ukitaka kujua kilele kiko wapi: Bálint Kopasz wa Hungaria alishinda K1 mita 1,000 Tokyo kwa dakika 3 na sekunde 20 na ushei, yaani karibu kilomita 18 kwa saa kwa mikono na miguu yake. Lisa Carrington wa New Zealand ana dhahabu nane za Olimpiki kati ya 2012 na 2024. Na asikuambie mtu kwamba mchezo huu si wa Afrika: Bridgitte Hartley wa Afrika Kusini alichukua shaba ya K1 mita 500 London 2012.

Wewe usijipime na hao. Mwanaume anayeanza ukubwani, akimaliza mita 1,000 kwa dakika tano kamili bila kupinduka mwishoni mwa msimu wake wa kwanza, kafanya kazi.

Kabla ya boti, maji

Uweze kuogelea mita 300 bila kupumzika, umevaa nguo za mazoezi. Sisi wa pwani tuna tabia ya kusema "naogelea tangu utotoni", kumbe tunajua kupiga mbizi kutoka gatini na kurudi. Pima. Mita 300 ni urefu wa bwawa la mita 25 mara kumi na mbili.

Vaa jaketi la kujiokolea mpaka utakapokuwa huanguki tena, na hata baada ya hapo livae ukiwa peke yako au maji yakiwa ya baridi. Ugenini baridi ndiyo adui. Maji yaliyo chini ya nyuzi 10 yanakukata pumzi kabla hujakumbuka kama unajua kuogelea. Kanuni niliyojiwekea miezi ya baridi ni kwenda sambamba na ukingo, umbali ambao naweza kuuogelea nikivuta boti, na kamwe si peke yangu.

Nyumbani mambo ni mengine. Ukitaka kufanya mazoezi Ziwa Victoria, uliza wavuvi kwanza kuhusu viboko na mamba. Usiulize hotelini, wavuvi ndio wanaojua kiboko yupi amehamia wapi wiki hii. Kaa mbali na vichaka vya kingoni vyenye maji ya kina kifupi, kwa sababu ndiko waliko konokono wa kichocho, na ukishatoka majini jikaushe mara moja. Anayeingia ziwani kila wiki anapaswa kupimwa kichocho hospitalini kila baada ya muda. Ni ugonjwa unaotibika, lakini sharti ugunduliwe. Nenda alfajiri. Upepo wa ziwa huamka jua likishapanda, na kayaki ya mbio haina urafiki na mawimbi ya alasiri.

Pwani, tafuta mkono wa bahari ulioingia ndani, kama vile Tudor au Mtwapa kule upande wa Mombasa, usiende mkondo wa nje. Soma mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maji yanakwenda kwa kasi ya kukushangaza, na ukitoka yakiwa yanakupwa unaweza kushindwa kurudi. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ndizo za kupima muda. Na popote penye mkondo, kila kipande unachokimbia ukifuata maji, kikimbie tena ukiyapanda, la sivyo saa yako inakudanganya.

Kuchagua boti bila kujidanganya

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikuwa wa kwanza kati yao. K1 ya mashindano ni nyembamba kiasi kwamba makalio yako karibu yanajaza nafasi yote, na chini yake ni duara kama gogo. Gogo linazunguka. Zamani kulikuwa na kanuni ya upana wa chini kabisa. Ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, watengenezaji wakazibana boti mpaka zikawa kama sindano. Ukikalia sindano siku ya kwanza utakaa sekunde tatu.

Wauzaji na klabu nyingi huzipanga boti kwa ngazi za utulivu, kuanzia zile pana za kujifunzia hadi zile za mabingwa. Anza ngazi ambayo unaweza kuacha kupiga kafi, ukaliweka mapajani, ukatazama nyuma, na usianguke. Kaa hapo hata miezi sita. Mtu aliye kwenye boti pana anayevuta kwa nguvu zake zote humshinda aliye kwenye boti ya bingwa anayevuta kwa nusu kwa kuogopa kwenda mrama. Nimeyaona hayo kila Jumamosi, na mara nyingi aliyeshindwa nilikuwa mimi.

Boti mpya ya kaboni ni maelfu ya euro. Usinunue. Tafuta ya mtumba ya faibaglasi, ikague usukani chini ya tezi kama haujapinda, bonyeza ubavu kwa kidole gumba uone kama kuna mahali panapobonyea, na mwaga maji ndani uone yanakovujia. Hakikisha ina maputo au povu la kuelea omo na tezi, yaani mbele na nyuma. Boti isiyo na kitu cha kuielesha ikijaa maji inazama, nawe unabaki na kafi mkononi katikati ya ziwa.

Kafi na vipimo vyake

Kafi la mbio siku hizi ni la bawa: bapa lake limepinda kama kijiko kirefu kilichokunjwa ukingo mmoja. Wasweden walilileta mashindanoni katikati ya miaka ya 1980, na ndani ya miaka michache kila mtu alikuwa nalo. Lile la bapa tambarare linateleza nyuma majini unapovuta. La bawa, likipelekwa nje kidogo, linajishika lenyewe kama bawa la ndege linavyoshika hewa. Upondo, basi.

Urefu: simama wima, simamisha kafi mbele yako, nyoosha mkono juu. Vidole vyako vikikunja juu ya ncha ya bapa, kafi linakutosha. Wanaume wengi wanaoanza huangukia kati ya sentimita 212 na 218, wanawake 206 na 212. Ukisitasita kati ya mawili, chukua fupi. Kafi refu na bapa kubwa humchosha bega mgeni, na bega likishaumia msimu umekwisha.

Pa kushika: weka mpini juu ya kichwa, viwiko vikunje pembe mraba, funga utepe mahali mikono ilipo. Bapa mbili hazikai sambamba. Moja imegeuzwa kama nyuzi 60 kwa nyingine. Kwa hiyo mkono mmoja, kwa wengi wa kulia, ndio unaotawala mzunguko wa mpini, na mwingine unaulegeza mpini uzunguke ndani ya kiganja. Usibane. Malengelenge yakikuota sehemu ya ndani ya kidole gumba, unabana.

Kukipanga chombo

Kaa ndani boti ikiwa nchi kavu juu ya nyasi. Weka nyayo kwenye ubao wa kukanyagia, magoti yakunjike kiasi, yaani usiyanyooshe kabisa wala yasikugonge mikono. Mguu ukiusukuma ubao unapaswa kunyooka karibu kabisa na nyonga ya upande huo irudi nyuma. Kama haiwezi, sogeza ubao. Mkanda unaopita juu ya vidole ukaze, kwa sababu mguu mmoja ukisukuma mwingine unavuta.

Katikati ya miguu kuna kijiti cha usukani. Ukikisogeza kwa vidole kulia, boti inakwenda kulia. Kisogeze kidogo tu. Wageni huendesha usukani kama dereva wa daladala, huku na kule, na kila msogeo ni breki.

Kupanda na kupinduka

Ilaze kayaki sambamba na gati, usukani usiguse kitu. Chuchumaa, laza kafi nusu juu ya gati nusu juu ya boti nyuma ya kiti, ulishike pamoja na ukingo wa boti. Uzito wote uko upande wa gati. Weka mguu mmoja katikati kabisa ya boti, kaa, ingiza wa pili. Usimame ndani? Usijaribu.

Kisha pinduka. Ndiyo, kwa makusudi, siku ya kwanza, karibu na ukingo, maji ya kifuani. Mwili unatoka wenyewe kwa sababu nafasi ya kukalia ni wazi. Huhitaji kujipindua kurudi juu kama wale wa mito ya mawe. Shika boti, shika kafi, ogelea ukiisukuma mpaka nchi kavu, uinue ncha moja taratibu kumwaga maji. Ukiinua boti iliyojaa maji kwa katikati inaweza kuvunjika.

Jinsi ya kutoanguka: bapa likiwa majini una mguu wa tatu. Wanaoanguka ni wale wanaoganda na kafi hewani. Ukihisi chombo kinakwenda mrama, piga kafi inayofuata. Usitazame maji chini yako, tazama mti ulio mbali.

Pigo lenyewe

Hapa tutakaa, kwa kuwa muda wako wote wa mwaka wa kwanza utakwenda hapa.

Geuza kiwiliwili mpaka bega la upande unaopiga liwe mbele na la pili liwe nyuma, kifua kikiwa karibu kimetazama pembeni. Mkono wa chini umenyooka. Mkono wa juu uko usawa wa jicho, kiwiko chini kidogo ya kiganja. Sasa chomeka bapa karibu na vidole vya miguu yako, ubavuni kabisa mwa boti. Chomeka lote, mpaka lizame, *kabla* hujaanza kuvuta. Tofauti ya mgeni na mzoefu inaonekana papa hapa: mgeni anaanza kuvuta bapa likiwa nusu hewani, na utaona maji yanaruka. Kafi nzuri haina kelele. Inaingia kama kisu kwenye papai.

Bapa likishashika, sukuma kwa mguu wa upande huohuo. Kafi kushoto, mguu wa kushoto. Nyonga ya kushoto inarudi nyuma, kiuno kinafuata, mgongo unafuata, bega linafuata, na mkono ni kamba tu iliyounganisha mgongo na kafi. Mkono usijikunje mapema. Kocha mmoja mzee pale klabuni, mtu wa maneno machache, alinifunga kijiti cha mwanzi kwenye kiwiko kwa kitambaa ili kisikunjike, akaniambia nipige kilomita mbili. Nilikwenda kama mdoli. Siku ya pili mikono haikuuma hata kidogo; kilichouma ni mbavu na mapaja. Akacheka, akasema sasa umeanza.

Bapa la bawa haliendi nyuma sambamba na boti. Liache lifungue nje, litengane na ubavu polepole kadiri kiwiliwili kinavyogeuka. Likifika usawa wa nyonga limekwisha kazi. Litoe kwa kuinua kiwiko pembeni, haraka. Ukilichelewesha nyuma ya nyonga linaanza kuinua maji, na kuinua maji ni kuididimiza tezi.

Baada ya kulitoa kuna nukta ya utulivu, fupi kama kufumba jicho, boti inateleza, nawe umeshageukia upande wa pili tayari kuchomeka. Boti nzuri haipandi na kushuka omo. Mtu akikutazama ubavuni aone omo imetulia kama pasi juu ya shuka.

Mazoezi matatu ya kujisahihisha. La kwanza, piga kafi ishirini ukiwa umesimamisha mkono wa juu usawa wa jicho bila kuushusha kabisa. La pili, ondoa miguu kwenye mkanda na uinyooshe juu ya sitaha, piga mita 100, halafu irudishe: utahisi kiasi gani cha nguvu kilikuwa kinatoka chini. La tatu ndilo ninalolipenda. Hesabu kafi zako ndani ya mita 250 zilizopimwa, mara moja kwa mwendo wa pole na mara moja kwa mwendo wa mbio. Ukitumia kafi 110, kila moja imekusogeza kama mita 2.3. Wiki ijayo jaribu 106 kwa muda uleule. Namba hiyo haidanganyi kama hisia zinavyodanganya, maana ndiyo inayokuambia kama upondo umeuma mchanga au unateleza.

Wiki ya mazoezi

Mbio za mita 1,000 ni za pumzi kwa sehemu kubwa sana. Hata mita 500 ina pumzi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mita 200 ndiyo ya mlipuko. Kwa hiyo msingi wa mwaka ni kilomita nyingi za pole, mwendo ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima, kafi 60 hadi 75 kwa dakika. Hauna raha ya kuonekana, lakini usipoujenga huna cha kuongezea chumvi.

Mtu anayefanya kazi za kawaida na kupata siku nne kwa wiki, nampangia hivi. Jumanne, pasha mwili dakika 15, fanya mazoezi ya pigo, halafu dakika 3 za nguvu mara sita, ukipumzika dakika 2 kila kipande, kafi 80 hadi 90. Alhamisi, dakika 1 mara kumi kwa kafi 95 hadi 105, ukipumzika dakika 1, na pigo likianza kuharibika acha hata kama umebakiza mbili. Jumamosi ni safari ndefu, kilomita 10 hadi 14 za pole, na kama kuna wenzako mpokezane kuongoza. Jumapili asubuhi nusu saa ya pole sana kisha vyuma. Siku zilizobaki, lala. Nasema kweli.

Vyuma: kujivuta kwenye mti au chuma, kuvuta chuma ukiwa umelala kifudifudi juu ya benchi, kusukuma chuma ukiwa chali, kuchuchumaa na mzigo, na mazoezi ya tumbo yenye kuzungusha kiwiliwili. Hiyo mara moja ya Jumapili inatosha kwa mwaka wa kwanza. Usisahau misuli midogo ya nyuma ya bega; mpira wa baiskeli uliofungwa mlangoni unaifanyia kazi vizuri kuliko mashine ya gharama.

Kila baada ya wiki nne pima mita 1,000 mahali palepale, saa ileile. Andika muda, kafi kwa dakika, upepo. Ukiwa na saa ya GPS ni sawa, usipokuwa nayo maboya mawili na rafiki mwenye simu yanatosha.

Wiki nane kabla ya mashindano

Nane hadi nne kabla: kilomita za pole zibaki, ila Jumanne igeuke kuwa mita 500 mara tano kwa kasi ya kati, ukipumzika dakika 4. Alhamisi, mita 250 mara sita kwa kasi unayotaka kukimbilia siku yenyewe. Nne hadi mbili: punguza idadi, ongeza mapumziko, kasi ipande. Hapa ndipo unapofanya mazoezi ya kuanza: kafi kumi kutoka boti iliyosimama kabisa, mara nane, pumzika mpaka moyo utulie. Wiki ya mwisho fanya nusu ya kazi uliyozoea. Siku mbili kabla, dakika 40 za pole na vipande vitatu vya sekunde 20. Utahisi mzito na mvivu na utataka kuongeza. Usiongeze.

Kafi kwa dakika siku ya mbio: mita 1,000 kwa mtu wa klabu ni 90 hadi 105, mita 500 ni 105 hadi 120, mita 200 ni zaidi ya hapo. Mabingwa wanapiga juu zaidi, lakini kafi zao hazifupiki wanapoongeza.

Siku yenyewe

Fika mapema uone upepo. Nunua chakula? Hapana, kula ulichozoea, saa tatu kabla: mimi ni uji na ndizi, hata katikati ya Wadenmark wanaokula mikate myeusi. Soma ubao wa njia na saa, bandika namba yako nyuma ya boti, kagua usukani kama una majani. Jani moja la mmea wa majini likinasa kwenye usukani unavuta nanga mita 1,000 nzima. Chunguza tena ukishafika mstarini: rudi nyuma kafi mbili, litadondoka.

Pasha mwili majini dakika 30, ukimaliza kama dakika 10 kabla ya mbio. Ndani yake weka mianzo mitatu mikali.

Mstarini. Kwenye mashindano makubwa omo yako inaingia kwenye kikombe kinachozama ishara ikitolewa. Kwenye madogo mnajipanga kwa macho na mtu wa mstari anawapigia kelele kwa namba za njia. Mara yangu ya kwanza upepo ulitoka ubavuni. Nilikuwa nimejipanga barabara, nikaacha kupiga kafi, nikavuta pumzi, na kwa sekunde nne omo ikageuka kama mlango. Ishara ikatoka nikiwa natazama njia ya jirani. Basi: upepo wa ubavuni, elekeza omo kidogo upande unakotoka upepo na usiache kugusa maji kwa bapa mpaka neno la mwisho kabla ya ishara. Ukianza kabla ya ishara unaonywa; ukirudia umetolewa.

Kafi ya kwanza ni fupi, bapa likiwa limeshazama kabla ya ishara. Ya pili na ya tatu nusu kafi, nzito, boti bado ni jiwe. Kuanzia ya nne unarefusha. Kafi kumi na tano za moto, kisha, na hili ndilo gumu, *tulia*. Refusha pigo, sikia boti ikiteleza. Anayeshindwa kutulia mita ya 100 hulipa mita ya 700.

Mita 1,000 igawe robo nne. Robo ya kwanza inakwenda yenyewe. Ya pili ni ya akili: pigo refu, miguu, usitazame pembeni. Ya tatu ndipo watu husinzia bila kujua. Jihesabie kafi ishirini ishirini, na katika kila ishirini ongeza mguu katika tano za kwanza. Ya mwisho, ongeza idadi ya kafi bila kufupisha. Kwenye mita 500 hakuna robo ya kusinzia. Ukifika boya la mita 250 anza kupandisha.

Kaa katikati ya njia yako. Katika mbio za mpaka mita 1,000 hairuhusiwi kusogea kupanda wimbi la mwenzako. Mita 5,000 ni kinyume: pale wimbi ndiyo chakula. Weka omo yako ubavuni mwa aliye mbele, usawa wa nyonga yake au nyuma kidogo, mpaka uhisi tezi yako imeinuliwa na kafi imekuwa nyepesi. Umepanda. Kona ikifika, ingia ukiwa ndani na kafi ya nje iwe ndefu, maana hapo ndipo boti hugongana na watu hutukanana kwa lugha saba.

Kinachohesabiwa mwishoni ni omo kukata mstari, nawe ukiwa ndani ya boti. Mabingwa huisukuma boti kwa miguu kafi ya mwisho, wakilala nyuma, na wengine huanguka hapohapo. Ukianguka kabla ya mstari umepoteza. Ukianguka baada yake unapigiwa makofi.

Baada ya mstari

Usiache kupiga kafi. Pole, dakika 15, mpaka mapaja yaache kuwaka. Pita kwenye mizani kama umeitwa. Boti iliyopungua uzito inafutiwa matokeo, ndiyo maana wengine hubandika vipande vya madini ya risasi chini ya kiti. Nchi kavu, kunywa, kula kitu chenye chumvi ndani ya nusu saa ikiwa una mbio nyingine.

Kama ni maji ya bahari, ioshe boti na kafi kwa maji yasiyo na chumvi, hasa nyaya za usukani, kwa sababu chumvi huzila kimyakimya na waya hukatika siku ambayo hukuitarajia. Legeza mkanda wa miguu, igeuze kifudifudi kivulini, mbali na jua. Halafu daftari: njia, upepo, muda, kafi, na mita uliyoanza kukunja mkono. Yangu ya mwisho inasomeka *njia ya 6, upepo wa kushoto, 4:31, kafi 98, mkono umekunjika mita 720*. Kwa hiyo Jumanne hii najifunga tena kijiti cha mwanzi kwenye kiwiko.